Waziri yupi, wa jimbo au wa taifa? Njia ya mwanasiasa wa Congo kutoka nyumbani hadi Kinshasa

Ukiwa Bukavu au Lubumbashi na ukasikia redioni kwamba "waziri wa fedha amesema", swali la kwanza ni: waziri yupi? Katiba ya Congo ya tarehe 18 Februari 2006 iliweka serikali za ngazi mbili. Iko ya taifa kule Kinshasa, na ziko za majimbo, kila jimbo likiwa na bunge lake, gavana wake na mawaziri wake. Cheo kina jina moja, lakini wawili hao hawakuteuliwa na mtu mmoja, pesa zao hazipiti njia moja, na mlango wa kuwatolea si mmoja. Wanasiasa wengi huanzia ngazi moja wakaishia nyingine, na wananchi hupotea hapo katikati: wanamdai waziri wa taifa barabara ya kuunganisha vijiji, wanamdai waziri wa jimbo mishahara ya walimu, na wote wawili hujibu kwa upole kwamba suala linashughulikiwa.

Kwanza neno lenyewe. Kwa Mtanzania, jimbo ni eneo linalochagua mbunge mmoja. Kwa Mkongomani, jimbo ni eneo kubwa la utawala ambalo ndani yake mna wilaya, miji, sekta na sultani za kimila (maeneo ya machifu). Mpaka mwaka 2015 yalikuwa majimbo 11, jiji la Kinshasa likihesabiwa humo. Katiba ilitaka 26, na mwaka huo mgawanyo ukatekelezwa. Katanga ilizaa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Jimbo la Mashariki likazaa Ituri, Tshopo, Haut-Uele na Bas-Uele. Kivu zote mbili na Maniema hazikuguswa.

Mgawanyo huo ulizungumzwa sana kama suala la kusogeza utawala karibu na watu. Ulikuwa pia upanuzi mkubwa wa ajira ya kisiasa. Kila jimbo linaruhusiwa mawaziri wasiozidi 10. Majimbo 11 yalikuwa na nafasi zisizozidi 110, na majimbo 26 yana nafasi hadi 260, mbali na magavana, makamu wao, na viongozi wa mabunge mapya. Mtu ambaye jana alikuwa mkubwa wa wilaya tu, leo aliweza kuwa waziri katika mji mkuu mpya wa jimbo ambao bado haukuwa na jengo la kumweka.

Bunge la jimbo: kura chache, uzito mkubwa

Safari ya kawaida huanzia kwenye bunge la jimbo. Wabunge wake huchaguliwa na wananchi moja kwa moja kwa miaka 5. Pamoja nao huingia viongozi wa kimila, ambao hawapigiwi kura na umma na hawaruhusiwi kuzidi sehemu moja ya kumi ya wabunge wote. Bunge hili hutunga sheria za jimbo, hupitisha bajeti ya jimbo na kuisimamia serikali ya jimbo. Lakini kazi inayolifanya liwindwe na wakubwa wa Kinshasa ni nyingine: wabunge hawa ndio wanaochagua gavana na makamu wake, na ndio wanaochagua maseneta wa taifa, wanne kwa kila jimbo na wanane kwa Kinshasa.

Fanya hesabu. Bunge la Kinshasa lina viti 48. Anayetaka kuwa gavana wa jiji lenye watu zaidi ya milioni 10 anahitaji kura 25. Katika majimbo yenye bunge dogo zaidi, kura kumi na kitu zinatosha. Sisemi kila kura hununuliwa. Wapo wabunge waliosimama imara na wakalipa gharama yake. Ila palipo na wapiga kura wachache namna hiyo, bei ya kura inaweza kuhesabika, na chochote kinachohesabika huja mtu wa kukihesabu. Machi 2019, baada ya uchaguzi wa maseneta, tuhuma za rushwa zilikuwa nzito kiasi kwamba Rais Félix Tshisekedi alisimamisha kwa muda kuanza kazi kwa maseneta wapya.

Pengine madhara huwa damu. Mapema mwaka 2007 mgombea wa upinzani alishindwa ugavana wa Bas-Congo, ambako upande wake uliamini ulikuwa na wabunge wa kutosha. Wafuasi wa Bundu dia Kongo, kundi la kidini na kisiasa la huko, wakaandamana, vikosi vya serikali vikafyatua risasi, na watu zaidi ya 100 wakauawa. Waliopiga kura ukumbini hawakufika hata arobaini. Waliozikwa walikuwa zaidi ya mara mbili yao.

Gavana akishachaguliwa, Rais wa Jamhuri humthibitisha kwa amri. Muhula wake ni miaka 5 na anaweza kurudi mara moja tu. Yeye ndiye huteua mawaziri wa jimbo, ndani ya bunge au nje yake, na Katiba inamtaka azingatie sehemu zote za jimbo. Kwa hiyo waziri wa jimbo wa kilimo anaweza kuwa mtu asiyejua tofauti ya mbegu na mbolea, aliyewekwa kwa sababu wilaya yake haikuwa na mtu kwenye orodha. Kisha gavana hupeleka programu yake bungeni. Ikipata wingi wa wabunge wote, mawaziri huidhinishwa na kuanza kazi.

Kwa msomaji wa jirani: mkuu wa mkoa wa Tanzania huteuliwa na Rais, na gavana wa kaunti ya Kenya huchaguliwa na wananchi wenyewe. Gavana wa Congo yuko katikati. Amechaguliwa, lakini na watu unaoweza kuwaweka kwenye basi moja.

Hoja ya kumwondoa, na pesa zinazoichochea

Bunge lililomweka gavana linaweza kumtoa. Hoja dhidi ya serikali nzima inahitaji sahihi za robo ya wabunge. Hoja dhidi ya waziri mmoja inahitaji sahihi za sehemu moja ya kumi. Katika bunge la watu 48, hizo ni sahihi 12 kwa serikali nzima na 5 kwa waziri mmoja. Kura haiwezi kupigwa kabla ya saa 48 kupita tangu hoja iwasilishwe, na hupita kwa wingi wa wabunge wote. Hoja ikishindwa, waliotia sahihi hawaruhusiwi kuleta nyingine katika kikao hicho.

Saa 48 ziliwekwa ili watu wapoe na watafakari. Kwa vitendo zimekuwa saa za simu na hoteli. Kila upande huhesabu watu wake, huwatafutia waliolegea mahali pa kulala pamoja, na simu kutoka Kinshasa hazikomi. Katika Haut-Katanga, bunge lilimpigia gavana Jean-Claude Kazembe kura ya kumwondoa mwaka 2017, mwaka mmoja tu baada ya kumchagua.

Kwa nini hoja ni nyingi hivyo? Wengi hujibu: tamaa. Tamaa ipo, lakini chanzo kikubwa ni mfuko. Katiba, ibara ya 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na inasema wazi kwamba yakatwe pale pale yanapokusanywa. Kukatwa huko hakujawahi kufanyika kama ilivyoandikwa. Pesa hupanda zote Kinshasa, na Kinshasa hurudisha sehemu, kwa kuchelewa na kwa kiasi isichokubaliana na mtu. Sasa gavana amepitishiwa bajeti ya mapato ambayo hayaji. Anaanza kupunguza: kwanza miradi, halafu posho za wabunge wa jimbo, halafu mishahara ya watumishi wa ofisi yake. Wabunge wasiolipwa miezi kadhaa huanza ghafla kuona dosari za usimamizi ambazo jana hawakuziona. Hoja inaandikwa. Sababu zilizomo kwenye karatasi huwa barabara, takataka na matumizi mabaya. Sababu iliyowaunganisha waliotia sahihi mara nyingi ni posho.

Juu ya hayo, marekebisho ya Katiba ya Januari 2011 yalimpa Rais wa Jamhuri uwezo wa kuvunja bunge la jimbo na kumwondoa gavana palipo na mgogoro mzito wa kudumu. Upo pia mtindo usio na ibara: waziri wa mambo ya ndani wa taifa humwita gavana Kinshasa kwa mashauriano, na gavana hukaa huko majuma huku jimbo likiongozwa kwa simu. Mwanasiasa wa jimbo anayetaka kudumu hujifunza mapema kutazama pande mbili: bungeni kwake na Kinshasa.

Mfano: Julien Paluku

Mtu anayeonyesha vizuri njia hii ni Julien Paluku Kahongya. Alichaguliwa gavana wa Kivu Kaskazini Januari 2007, katika kundi la kwanza la magavana wa Katiba mpya. Aliondoka 2019. Hiyo ni miaka 12, wakati muhula ni miaka 5.

Hakuvunja Katiba, wala hakushinda uchaguzi wa pili. Uchaguzi ndio haukuja. Wananchi walichagua wabunge wa majimbo tarehe 29 Oktoba 2006, kisha hawakuwachagua tena hadi tarehe 30 Desemba 2018. Wabunge wale wale waliendelea kukaa, maseneta waliochaguliwa nao wakaendelea kukaa, na magavana vivyo hivyo, kwa kanuni kwamba aliyeko hubaki mpaka anayekuja afike. Unaposoma wasifu wa mwanasiasa wa Congo wa kipindi hicho, usihesabu miaka ukadhani ni mihula. Uliza alipigiwa kura lini mara ya mwisho.

Miaka yake 12 ilikuwa ya vita. Waasi wa M23 walipoingia Goma, mji mkuu wa jimbo, tarehe 20 Novemba 2012, serikali yake ya jimbo ilihamia Beni, kilomita mia kadhaa kaskazini, ikaendesha kazi huko. Hapo gavana hupimwa kwa mambo ambayo hayamo katika orodha yoyote ya madaraka ya jimbo. Jeshi si lake, polisi si wake kwa maana kamili, lakini wananchi waliohamishwa wanamjua yeye, si mkuu wa majeshi.

Mwaka 2019 akawa Waziri wa Viwanda katika serikali ya Sylvestre Ilunkamba. Alibaki na wizara hiyo katika serikali ya Sama Lukonde mwaka 2021, na mwaka 2024 akahamia Biashara ya Nje katika serikali ya Judith Suminwa. Katika kipindi cha Viwanda, Congo na Zambia zilitia sahihi, Aprili 2022, makubaliano ya kushirikiana kutengeneza betri za magari ya umeme, ili kobalti na shaba visitoke vikiwa malighafi tu. Mwezi huo huo Congo ilisaini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa gavana wa zamani wa jimbo linalopakana na Uganda na Rwanda, mambo ya mipaka na ushuru hayakuwa somo jipya.

Mawaziri wakuu watatu, na katikati yake muungano wa utawala umevunjika na mwingine kuundwa. Kudumu namna hiyo kuna kanuni zake.

Kiti cha Kinshasa hupatikanaje

Bunge la taifa lina viti 500. Maeneo mengi huchagua wabunge kadhaa kwa orodha: mpiga kura huchagua mtu mmoja, kura hiyo inahesabiwa kwanza kwa orodha, kisha orodha ikipata kiti, kinakwenda kwa aliye na kura nyingi ndani yake. Ndiyo maana mgombea wa tatu kwa kura katika mji anaweza kukosa kiti, na wa saba akakipata.

Kuna kizingiti pia. Orodha za chama au muungano wa vyama zisipofikisha asilimia 1 ya kura halali nchi nzima, hazigawiwi kiti hata kimoja. Kama kura halali ni milioni 18, asilimia 1 ni kura 180,000. Mtu anayependwa kwao, akaongoza kwa kura 30,000 katika wilaya yake, anaweza kubaki nyumbani kwa sababu chama chake hakikupata watu Kasai au Équateur. Kwa hiyo chama kidogo cha jimbo lazima kijiunge na muungano mkubwa. Hapo mwanasiasa wa jimbo anapata mwenye nyumba mpya. Katiba, ibara ya 110, inasema mbunge akihama chama kwa hiari katikati ya muhula, amepoteza kiti. Kura ni za watu wa Lubero au Kalemie. Kiti ni cha chama.

Kila mgombea huandikishwa pamoja na mbadala wawili. Msomaji asiipuuze sehemu hii ya fomu. Kazi ya uwaziri haiwezi kuunganishwa na kiti cha kuchaguliwa, kwa hiyo mbunge akiteuliwa waziri, mbadala wa kwanza anaingia bungeni. Kabla ya 2011 aliyekubali uwaziri alikuwa amekiacha kiti moja kwa moja. Marekebisho ya 2011 yaligeuza: kiti kinasimama tu, na waziri akitolewa serikalini anarudi kukikalia, mbadala anaondoka. Waziri akawa na mahali pa kuangukia. Na mbadala akawa mtu anayepaswa kuaminika kabisa, maana anashika kiti cha mwingine. Lawama kwamba mbadala ni mke, mtoto au mdogo wa mwenye kiti hutoka hapo. Tanzania waziri lazima awe mbunge na hubaki na kiti chake. Kenya waziri haruhusiwi kuwa mbunge. Congo imetunga njia yake ya tatu.

Uteuzi wenyewe hufanywa na Rais kwa pendekezo la Waziri Mkuu. Ibara ya 90 inataka serikali izingatie uwakilishi wa taifa. Maneno hayo machache ndiyo yanayowabeba watu wa majimbo. Kila kundi la muungano hupewa idadi ya nafasi kulingana na wabunge wake, hupeleka majina, kisha juu watu huanza kupanga: mashariki wamepata? Kasai zote zimo? Wanawake wangapi? Serikali ya 2019 ilikuwa na watu 65, 42 wa upande wa Joseph Kabila na 23 wa upande wa Tshisekedi. Wingi huo hautokani na kazi kuwa nyingi. Ni bei ya kuwaweka wote mezani, na ndiyo sababu wizara moja hugawanywa mara mbili au kuwekewa naibu asiye na faili.

Mwanasiasa wa jimbo, basi, ana nguvu akiwa na vitu viwili kwa pamoja: wabunge kadhaa nyuma yake na eneo ambalo bila yeye lingeonekana limeachwa. Akiwa na kimoja tu, hupewa unaibu au ahadi.

Siku 30 za kwanza, na ofisi yenye vichwa viwili

Kabla ya kuanza kazi na baada ya kuimaliza, waziri wa taifa lazima apeleke kwa Mahakama ya Katiba tamko la maandishi la mali zake na za familia yake. Siku 30 zikipita bila tamko, anahesabiwa amejiuzulu. Hicho ni kifungu kizuri ambacho wananchi wangekitumia zaidi kama matamko yangechapishwa.

Wizarani atakuta vichwa viwili. Kuna katibu mkuu, mtumishi wa serikali, anayebaki mawaziri wakipita. Na kuna kabineti ya waziri, watu anaokuja nao na watakaoondoka naye. Mafaili na kumbukumbu viko kwa katibu mkuu, ilhali sahihi na magari viko kwenye kabineti. Waziri mpya kutoka jimboni huwa na madeni ya kampeni, madeni ya watu: huyu alitoa nyumba, yule alitoa pikipiki, mwingine alileta ukoo mzima. Wote wanataka kabineti. Akiwajaza, wanaojua kazi huko kwa katibu mkuu hupitwa, barua hurudi na makosa, na mradi wenye fedha hukwama kwa kukosa karatasi moja. Watumishi wa kabineti huondoka na mwenyewe, nao huondoka na nakala pekee ya mambo mengi. Makabidhiano ya ofisi yanayoonekana kwenye televisheni, mikono ikishikana, mara nyingi hukabidhi viti tu.

Na aliyewaza kwamba akifika Kinshasa atalijenga jimbo lake hukutana na mipaka. Barabara za jimbo, masoko na sehemu kubwa ya elimu na afya ya msingi viko chini ya madaraka ya jimbo, kwa gavana ambaye pengine ni mshindani wake wa kesho. Waziri wa taifa hampi gavana amri nje ya sheria. Anachoweza ni kusukuma faili la jimbo lake lifike juu ya rundo.

Wanavyoanguka

Wengi hutoka kwa amri ya Rais isomwayo kwenye televisheni ya taifa, mara nyingi usiku. Wengine huangushwa na uchaguzi. Tarehe 5 Januari 2024 tume ya uchaguzi ilifuta ugombea wa watu 82 kwa sababu za udanganyifu katika kura za tarehe 20 Desemba 2023, na miongoni mwao walikuwemo mawaziri na magavana waliokuwa madarakani.

Wachache hufika mahakamani. Waziri wa taifa, gavana na waziri wa jimbo wote hushtakiwa Mahakama ya Kasesheni, iliyo juu ya mahakama za kawaida, ambayo kwao ni ya kwanza na ya mwisho, hakuna rufaa. Kumshtaki waziri wa taifa kunahitaji kura ya bunge la taifa. Constant Mutamba, aliyetoka jimbo la Lomami na kuwa Waziri wa Sheria mwaka 2024, alipitia njia hiyo yote: bunge liliruhusu, akajiuzulu Juni 2025, na Septemba mwaka huo akahukumiwa miaka 3 ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa fedha zilizotengwa kujenga gereza Kisangani.

Kivu Kaskazini na Ituri zenyewe zimetoka kwenye ngazi hii kwa muda. Tangu Mei 2021 ziko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, magavana ni maafisa wa jeshi na makamu wao ni maafisa wa polisi, mabunge ya majimbo yamesimamishwa. Aprili 2024 majimbo mengine yalipochagua magavana wao, haya mawili hayakuchagua. Januari 2025 Goma ilianguka tena mikononi mwa M23 na ofisi ya gavana ikahamia Beni, kama mwaka 2012. Kijana wa huko anayetaka siasa leo hana bunge la jimbo la kuanzia, wala gavana wa kumchagua, wala wizara ya jimbo ya kujifunzia kazi. Waziri wa taifa anayetoka kwao ndiye amebaki sauti yao ya serikalini, na huyo wamemwona mara ya mwisho kwenye karatasi ya kura ya 2023.